Kabla mzee hajatiwa saruji kwenye pingili ya mgongo

Saruji ya mifupa hudungwa kwa sindano kwenye pingili iliyobonyea ili kupunguza maumivu. Kwanza hakikisheni pingili iliyobonyea kwenye picha ndiyo inayouma. Eksirei peke yake hudanganya: mzee mwenye mifupa dhaifu anaweza kuwa na pingili mbili tatu zilizobonyea miaka mingi iliyopita, zikapona kimyakimya, na maumivu ya sasa yakatoka kwingine. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha majimaji ndani ya mfupa uliovunjika karibuni. Kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, semeni kabla ya kuandikiwa kipimo hicho.

TB na saratani nazo huvunja pingili. Homa, jasho la usiku, kukonda au maumivu yasiyopoa hata akilala vichunguzwe kwanza, na maambukizi yoyote yatibiwe, kwani saruji iliyoingiwa na bakteria ni kazi ngumu mno kuitoa.

Msikimbilie sindano. Majaribio mawili ya mwaka 2009 yalilinganisha saruji na upasuaji wa kuigiza usiotia saruji, na nafuu ya maumivu haikutofautiana. Kwa hiyo madaktari wengi huanza na dawa za maumivu na kumwinua mgonjwa kitandani mapema, na saruji humfikia yule anayeshindwa kugeuka baada ya wiki kadhaa. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma, hiyo ni dharura. Hapo uti hufunguliwa na kufungwa skrubu, na kwa kuwa skrubu hulegea kwenye mfupa laini, ulizeni zitaimarishwaje.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ipimwe tena. Msiisimamishe wenyewe, hasa kwa mwenye vali ya bandia moyoni.

Mgonjwa atalala kifudifudi karibu saa nzima. Mjaribuni wodini, mito kifuani na nyongani. Akipumua kwa shida, daktari wa usingizi ajue mapema. Saruji husukumwa ikiwa nzito kama dawa ya meno, mara nyingi mililita chache tu, chini ya eksirei ya moja kwa moja. Ikiwa nyepesi au nyingi huvuja, ikabana mishipa ya fahamu au kufuata damu hadi mapafuni. Ndiyo maana hospitali lazima iwe na anayeweza kufungua uti papo hapo.

Chakula kisimame muda wa saa 6 kabla ya kutiwa saruji, na maji matupu yasimame muda wa saa 2 kabla.

Dawa ya mifupa ipangwe kabla ya kulazwa, pamoja na kipimo cha vitamini D. Kama alikuwa akichomwa denosumabu, sindano ya kuimarisha mifupa, tafuteni tarehe ya sindano ya mwisho: zaidi ya miezi 6 ikipita bila nyingine, pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mfululizo.