Somo: Kupunguza uzito (ukubwa wa faili) wa sauti ya mazungumzo kabla ya kuituma

Narekodi masomo ya kusikiliza hapa Arua, Uganda, na wengi wanaoyapokea hununua bando la siku. Megabaiti ninayoipoteza mimi ni pesa yao.

Hatua ya 1: Tafuta kimya. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona kubwa kuliko zote. Kodeki za usemi, yaani programu zinazobana sauti ya mtu iwe ndogo, haziibebi sauti yote kama ilivyo. Hukadiria mtetemo wa kooni, kisha namna kinywa na ulimi vilivyouumba. Wazo hilo ni la miaka ya 1930, mhandisi Homer Dudley alipobuni vokoda, mtambo wa kuchambua usemi na kuuunda upya, katika maabara ya Bell Labs, Marekani. Sasa mvua juu ya mabati haina koo. Kodeki ikiisikia, huilazimisha iwe mtu, na maneno yako ndiyo yanayochakaa. Funga dirisha, tundika blanketi, weka simu shubiri moja kutoka mdomoni.

Hatua ya 2: Rekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya chaneli moja. Dakika 20 zitakula takriban MB 106, usiogope.

Hatua ya 3: Kwa ffmpeg, programu ya kugeuza faili za sauti kwa amri ya kuandika, igeuze iwe Opus, kodeki inayobana sana, ya kilobiti 16 kwa sekunde:

ffmpeg -i somo.wav -ac 1 -c:a libopus -b:a 16k -application voip somo.opus

Dakika hizo 20 zitabaki kama MB 2.4.

Hatua ya 4: Sikiliza kwa simu ya bei nafuu. Kama "saa" na "faa" vinachanganyika, panda hadi kilobiti 20.

MASWALI

Mwanachama, Kasese: Mwalimu, simu ya mama ni katochi, kale kasimu ka vitufe, inaikataa Opus.
Jibu: Mtumie AMR, kodeki ya zamani ya simu, ya kilobiti 12.2. Inaishia hezi 3,400 hivi, kwa hiyo "s" na "f" zitafifia, tamka taratibu.

Mwanachama, Kampala: Mbona nikipiga simu ya intaneti kwa kilobiti 16, bando linaisha kama nimetumia 32?
Jibu: Dada, ni bahasha. Sauti husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba baiti 40 za IP, UDP na RTP, yaani anwani na maelezo ya safari. Pakiti 50 kwa sekunde, bahasha peke yake ni kilobiti 16 kwa sekunde! Ukijaza milisekunde 60 za sauti katika kila pakiti badala ya 20, bahasha hushuka hadi kilobiti 5.3. Ila pakiti moja ikipotea, huondoka na kipande kizima cha neno. Mtandao ukiwa wa kukatikakatika, mimi hubaki na milisekunde 20.

Mwanachama, Fort Portal: Huku mvua haikatiki, nifanyeje?
Jibu: Ikikukuta katikati, simama, uendelee ikipungua. Usishindane nayo kwa kupaza sauti.