Jinsi ya kujibu swali la sababu na matokeo ya Wareno kuja pwani yetu

Juzi nilikaa na mpwa wangu anayejiandaa kwa mtihani tukalimaliza swali hili. Alikuja na madesa ya WhatsApp: sababu kumi, hakuna mwaka hata mmoja. Yaweke kando.

Hatua ya 1: Soma swali. Ukiulizwa matokeo, usijaze ukurasa kwa sababu.

Hatua ya 2: Chora mstari wa miaka. Tumia penseli na mgongo wa kalenda ya ukutani ya mwaka jana. Simu siitaki kwa kazi hii, kioo chake hakikuonyeshi 1415 na 1698 kwa pamoja. Andika: 1415 Wareno wanateka Ceuta (mji wa Waislamu Afrika Kaskazini), 1434 wanapita Rasi ya Bojador (pwani ya magharibi ya Sahara), 1482 wanajenga ngome Elmina (Ghana ya leo), 1488 Bartolomeu Dias anazunguka kusini mwa Afrika, 1498 Vasco da Gama anafika Mombasa, Malindi, kisha Calicut (India), 1505 Francisco de Almeida anavamia Kilwa na Mombasa, 1593 Fort Jesus inaanza kujengwa, 1698 Waomani wanaitwaa.

Hatua ya 3: Pima kila sababu kwa mwaka wake. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Wengi huandika kwamba Waturuki waliiteka Constantinople (Istanbul ya leo) mwaka 1453, wakafunga njia ya viungo, ndipo Wazungu wakageukia bahari. Sasa tazama mstari wako. Ceuta ni 1415, Bojador 1434. Jambo la 1453 lingewatoaje watu nyumbani miaka 38 kabla? Tena pilipili manga nyingi iliyokwenda Venice, mji wa biashara wa Italia, ilipitia Alexandria, na Misri ilikuwa chini ya watawala wake Wamamluki hadi Waturuki walipoitwaa mwaka 1517, da Gama akiwa alishafika Calicut. Njia ilikuwa wazi ila ghali, na faida iliishia kwa wafanyabiashara wa Misri na Venice. Wareno walitaka kuwaruka hao.

1453 usiifute, maana huenda msahihishaji anayo kwenye mwongozo wake. Iandike kama jambo lililochochea, si lililoanzisha.

Dhahabu nayo taja ni ipi. Iliyowavuta mwanzo ni ya Afrika Magharibi. Ya Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo) ilifuata. Dini iunge na Ceuta na ndoto ya kumpata mfalme Mkristo, Prester John, wa kushirikiana naye dhidi ya Waislamu. Dira na karaveli (merikebu nyepesi za Wareno) viweke mbali na sababu: huo ni uwezo. Mwenye baiskeli haendi sokoni kwa sababu ana baiskeli.

Hatua ya 4: Matokeo. Anza na mji, si na bara. Kilwa ilipoteza mkono wake kwenye dhahabu ya Sofala. Mombasa ilichomwa. Malindi, iliyokuwa na uhasama na Mombasa, iliwapokea Wareno na kumpa da Gama rubani (usimtaje Ahmad ibn Majid, nahodha maarufu Mwarabu, wanahistoria wengi wameshaikataa hadithi hiyo). Mahindi na mihogo kutoka Amerika ni matokeo pia. Ila usithubutu kuandika kwamba Wareno walileta biashara: msafiri Ibn Battuta aliikuta Kilwa imestawi mwaka 1331.

Hatua ya 5: Andika. Muda ukibana, kata utangulizi, usikate 1698. Bila Waomani kuitwaa Fort Jesus, huna pa kuunganishia swali linalofuata, la Zanzibar na Seyyid Said.