Kuripoti chuo cha kijeshi: anza na miguu

Wengi wanaojiandaa kwenda chuo cha maofisa huhangaika na pushapu. Kifua kinajaa, mikono inakaza, halafu siku ya nne kuruta yuko zahanati, soksi zimegandana na damu. Pushapu utazipiga huko huko hadi uzichukie. Miguu ndiyo ya kuandaa ukiwa bado nyumbani.

Ikiwa barua ya wito inakuruhusu kwenda na buti zako, zinunue angalau wiki sita kabla. Zijaribu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kutwa nzima, tena ukiwa umevaa soksi zile zile utakazozitumia. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse: nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja cha mkono. Ikipungua, kucha za vidole gumba zitageuka nyeusi mkianza kuteremka vilima. Ikizidi, kisigino kitapanda na kushuka ndani ya buti, na hapo ndipo lengelenge linapozaliwa. Wiki ya kwanza zivae nyumbani saa moja kwa siku. Wiki ya pili tembea kilomita 3 hadi 5, kisha ongeza taratibu mpaka ufikie kilomita 10 ukiwa na kilo 10 mgongoni. Ule ushauri wa kuloweka buti na kuzikausha motoni uache: ngozi hukakamaa na gundi ya soli huachia.

Lengelenge linataka joto, unyevu na msuguano. Vaa soksi nyembamba ya nailoni ndani na nene ya sufu nje, ili zisuguane zenyewe kwa zenyewe na ngozi ipone. Soksi za pamba ni laini dukani, lakini hunyonya jasho na kukaa nalo. Ukihisi mahali panawaka, bandika plasta hapo hapo, maana ukingoja jioni umeshachelewa. Lengelenge likishajaa na kuuma, osha mikono, litoboe pembeni kwa sindano safi iliyochemshwa, kamua maji, na ngozi ya juu iache ilivyo, kwani ndiyo inayolinda kidonda. Kucha zikate moja kwa moja, usizichimbe pembeni.

Kwenye mbio, pumzi hudanganya. Pumzi na misuli huimarika upesi, mfupa huchelewa. Ukiongeza umbali kwa zaidi ya sehemu ya kumi hivi kwa wiki, ugoko utaanza kulalamika. Maumivu yaliyotanda ugokoni kote mara nyingi hutulia kwa kupumzika. Ila sehemu moja ndogo inayouma ukiibonyeza kwa kidole huweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa, na ukijikaza kiume na mchakamchaka utaumaliza. Mwone daktari mapema. Siku tatu za mwisho kabla ya safari, jinyooshe tu.

Sasa makaratasi. Barua ya wito isome ukiwa na kalamu, na kila kinachotajwa kipigie alama kikishaingia begini. Vyeti halisi, kitambulisho, karatasi za daktari na picha viweke kwenye bahasha ya plastiki utakayoishika mwenyewe, si kwenye begi linalokwenda kwenye buti la basi. Nakala ziwe kwenye mzigo mwingine. Kinachowakwamisha wengi mapokezi ni jina: cheti kimoja kina majina matatu, kingine mawili, cha tatu kimekosewa herufi. Lishughulikie hilo kisheria kabla ya safari, kwa sababu karani wa mapokezi hana mamlaka ya kukuamini.

Mzigo usizidi orodha. Wala usipunguze kwa kuona kitu ni kichekesho: wanaoripoti chuo cha maofisa cha Sandhurst, Uingereza, hufika na meza ya kupigia pasi kwapani. Andika jina kwenye kila nguo kwa wino usiofutika, chupi zikiwemo. Kufuli beba mbili. Namba za simu za nyumbani ziandike kwenye karatasi, kwa maana simu huenda ikakusanywa siku ya kwanza na kichwani huna hata namba ya mama. Nywele nyoa wiki moja kabla. Ngozi ya kichwa ambayo haijawahi kuona jua huungua vibaya ikianikwa gwarideni.

Safiri ili ulale karibu na chuo, uripoti asubuhi ukiwa umekula. Ukishapita lango, jibu unaloulizwa, basi. Kwenye chuo cha maofisa cha West Point, Marekani, kuruta mpya huruhusiwa majibu manne tu: ndiyo, hapana, sina kisingizio, sijaelewa. Popote uendapo, hayo manne yatakuvusha wiki ya kwanza. Maelezo ambayo afande hakuyaomba ndiyo yanayokuzalishia adhabu.

Kwenye kwata, mguu wa kushoto ndio unaotangulia. Kosa linalochekesha wote isipokuwa mwenye nalo ni kurusha mkono na mguu wa upande mmoja, mwendo wa ngamia. Huletwa na woga: unafikiria mikono, na mikono inagoma. Tazama kisogo cha aliye mbele, piga hatua, mikono itajipanga yenyewe.

Kuanguka gwarideni nako kuna sababu yake. Ukisimama mguu sawa muda mrefu huku magoti umeyakaza kabisa, damu hubaki miguuni na kichwa hukosa. Legeza magoti kiasi kisichoonekana, egemea mbele kidogo, na chezesha vidole ndani ya buti ili misuli ya miguu iisukume damu juu. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Kubugia lita kadhaa kwa mkupuo ni hatari, huzimua chumvi mwilini. Ukiona giza linakuja, piga goti. Kukaripiwa ni nafuu kuliko kupasuka kidevu.

Usiku, kabla taa hazijazimwa, panga nguo za kesho kwa mpangilio wa kuzivaa, soksi zikiwa ndani ya buti. Kisha piga kiwi. Futa vumbi kwanza, maana mchanga ukichanganyika na kiwi hukwaruza ngozi. Funga kitambaa cha pamba kwenye kidole, chota kiwi kidogo mno, dondosha tone la maji, zungusha viduara vidogo mpaka ukungu upotee. Rudia tabaka baada ya tabaka. Ukipaka nene ili umalize haraka, kufika asubuhi imepasuka kama tope lililokauka. Mng'ao wa kioo uweke kwenye pua ya buti na kisiginoni tu, kwa kuwa pale buti linapojikunja hautadumu hata hatua kumi. Buti za swedi, ile ngozi yenye vinyweleo, hazipigwi kiwi kabisa, ni brashi kavu tu.