Mvuke mmoja, kazi tatu: jinsi ya kuendesha mtambo wa Norbert Rillieux

Norbert Rillieux alizaliwa New Orleans, Louisiana, tarehe 17 Machi 1806. Alisomea uhandisi Paris, na kufikia mwaka 1830 alikuwa akifundisha École Centrale mambo ya injini za mvuke. Aliporudi Louisiana alipata hataza ya kwanza ya mtambo wake wa kuvukiza maji ya juisi ya miwa mwaka 1843, na ya pili, ya mtambo ulioboreshwa, mwaka 1846. Ukitaka kuelewa ukubwa wa alichofanya mhandisi huyu, jifunze jinsi mtambo wenyewe unavyoendeshwa, maana kanuni yake haijabadilika.

Kabla yake, juisi ya miwa ilichemshwa kwenye masufuria ya wazi yaliyopangwa mstari mmoja juu ya moto. Watu waliofanywa watumwa waliiteka kwa upawa mrefu ikiwa inatokota, wakaihamisha kutoka sufuria hadi sufuria. Waliungua vibaya, kuni ziliteketea kwa wingi, na sukari ilitoka nyeusi kwa kukaa motoni muda mrefu. Rillieux mwenyewe alikuwa mtoto wa Constance Vivant, mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika, na alifanya kazi kwa wenye mashamba hao hao. Mtambo wake uliondoa upawa mikononi mwa watu, utumwa uliendelea.

Kila kilo ya mvuke iliyopaa kutoka kwenye masufuria yale ilibeba takribani kilojuli 2,257 za joto, zikapotelea hewani. Rillieux alitaka joto hilo lifanye kazi tena. Kizuizi ni kwamba mvuke wa nyuzi 100 hauwezi kuchemsha juisi nyingine inayochemkia nyuzi 100. Joto halihami bila tofauti. Jibu lake: punguza shinikizo ndani ya tangi linalofuata, juisi ichemke kwa joto la chini zaidi. Sufuria iliyofungwa na kunyonywa hewa ilikuwa imeshabuniwa Uingereza na Edward Charles Howard. Ubunifu wa Rillieux ni kuunganisha vyombo vya namna hiyo, mvuke wa kimoja ukawa moto wa kingine.

Hesabu kwanza

Chukua kilo 100 za juisi ya Brix 15, yaani sehemu 15 kati ya 100 za uzito wake ni vitu vilivyoyeyuka, sukari hasa. Unataka shira ya Brix 65. Uzito wa shira ni 100 × 15 ÷ 65, sawa na kilo 23. Maji ya kuondoa ni kilo 77. Kwa tangi moja utahitaji zaidi ya kilo 77 za mvuke wa boila. Kwa matangi matatu, kama kilo 26 kinadharia. Kiwandani weka 28 hadi 30 kwa sababu joto huvuja.

Kila tangi likiondoa karibu kilo 25.6, juisi inatoka tangi la kwanza ikiwa Brix 20, la pili Brix 31, la tatu Brix 65. Tazama mruko huo wa mwisho. Tangi la tatu linapokea kitu chepesi na kutoa kitu kizito kama asali changa, na uzito huo hupunguza sana kasi ya joto kupita kwenye mabomba yanayotenganisha mvuke na juisi ndani ya tangi. Ndiyo maana tangi la tatu hupewa tofauti kubwa zaidi ya joto:

Mvuke wa kuanzia: nyuzi 120, shinikizo kamili (linalohesabiwa kuanzia pasipo hewa kabisa) la bar 2.
Tangi la kwanza: nyuzi 105, bar 1.2.
Tangi la pili: nyuzi 88, bar 0.65.
Tangi la tatu: mvuke wake nyuzi 55, bar 0.16, shira yenyewe huwa juu ya hapo kwa nyuzi chache, kwa kuwa sukari hupandisha kiwango cha kuchemka.

Wengi hukosea hapa: hudhani matangi matatu yatavukiza maji mara tatu ya tangi moja la ukubwa ule ule. Hapana. Tofauti ya joto iliyokuwa ya tangi moja sasa inagawanywa kwa matatu, kwa hiyo yote kwa pamoja huvukiza karibu kiasi kile kile, ila kwa theluthi ya mvuke. Unanunua chuma zaidi ili uchome kidogo. Hii ndiyo sababu huwezi kuongeza matangi bila kikomo: kila tangi jipya linamega tofauti ile ile, na kupanda kwa kiwango cha kuchemka kunakula sehemu yake.

Kabla ya kufungua mvuke

Juisi iwe imetiwa chokaa, ikachujwa au kutulizwa, na pH yake, yaani kipimo cha asidi, iwe karibu na 7. Ikiwa na asidi, sukari ya miwa huvunjika kuwa glukosi na fruktosi, na hutaipata tena kama fuwele. Ikizidi chokaa, rangi hukolea na magamba, yaani ukoko unaoganda kwenye mabomba, huongezeka.

Ipashe moto kabla haijaingia. Kilo 100 za juisi ya nyuzi 30 zinahitaji kama kilo 13 za mvuke kufika tu nyuzi 105, kabla tone moja halijavukizwa. Ni karibu nusu ya mvuke wote uliokusudia kutumia!

Kisha pima uvujaji. Funga valvu zote, endesha pampu ya ombwe, yaani ya kunyonya hewa, izime, tazama geji. Sindano ikirudi upesi kuna tundu. Paka povu la sabuni kwenye flanji, kwenye vioo vya kuchungulia na shingo za valvu. Penye tundu povu linanyonywa ndani na kuacha kidoti kikavu. Usidharau kidoti hicho. Ombwe la tangi la tatu ndilo linalovuta mtambo mzima: likipungua, juisi humo huchemka kwa joto la juu zaidi, mvuke wa tangi la pili unakosa mahali pa kumwaga joto, shinikizo linapanda kurudi nyuma, na mwishowe tangi la kwanza halipokei tena mvuke wa boila.

Kuwasha

Anza nyuma uje mbele. Fungulia maji ya kondensa, chombo kinachopoza mvuke wa tangi la tatu uwe maji, kisha pampu ya ombwe. Bomba la kutoa maji chini ya kondensa ya mwagiko, ambamo maji baridi humwagwa juu ya mvuke, liwe na urefu wa zaidi ya mita 10.3, kimo ambacho hewa inaweza kusukuma maji. Likiwa fupi, maji yatapanda na kuingia kwenye mtambo.

Ombwe likitulia, ingiza juisi tangi la kwanza. Itajivuta yenyewe kwenda la pili na la tatu, kwa sababu shinikizo linashuka hatua kwa hatua. Pampu inahitajika tu kuitoa shira mwishoni. Sasa fungua mvuke polepole. Rillieux alitumia mvuke uliokwisha kuendesha injini, na viwanda hadi leo hufanya hivyo.

Yeye alilaza mabomba, mvuke ukipita ndani. Mitambo ya baadaye huyasimamisha, juisi ikiwa ndani. Kwa mabomba yaliyosimama, weka kina cha juisi karibu theluthi ya urefu wake. Kikizidi, uzito wa juisi unazuia ya chini isichemke. Kikipungua, ncha za juu zinakauka na sukari inaungua palepale.

Kinachoharibika

Uwezo ukishuka huku ombwe likiwa zuri, fungua kwanza mabomba ya kutoa hewa upande wa mvuke. Hewa na gesi zisizogeuka maji hujikusanya humo na kuyafunika mabomba kama blanketi.

Kama hali haibadiliki, ni magamba: chumvi za kalsiamu na silika, mengi kwenye tangi la tatu. Yachemshe kwa soda kali, suuza kwa maji mengi, ndipo utumie asidi hafifu kwa mabaki. Usichanganye viwili hivyo kamwe, na mtu asiingie tangini kabla halijapoa, halijapitishiwa hewa na valvu zake hazijafungwa kwa kufuli.

Sukari ikionekana kwenye maji ya kondensa, mvuke unabeba matone. Kilo moja ya mvuke hujaza mita za ujazo 1.7 kwa nyuzi 100, lakini karibu 9.6 kwa nyuzi 55. Bomba jembamba kwenye tangi la tatu huufanya upite kwa kasi na kuokota shira. Punguza kina, tuliza povu, kagua kinasa matone.

Maji yanayotoka upande wa mvuke wa tangi la kwanza hurudi boila. Ya matangi mengine yapime kwanza: matone machache ya kemikali iitwayo alfa-naftoli, kisha mimina asidi ya sulfuriki kali taratibu ubavuni mwa neli. Pete ya zambarau ikitokea pale vimiminika vinapokutana, kuna sukari. Maji hayo yasiingie boila, kwa kuwa sukari humo huoza kuwa asidi, hutoa povu na kula chuma.

Wakati wa kuzima, funga mvuke kwanza, sukuma shira yote itoke kwa kuingiza maji ya moto, ndipo uachie ombwe kidogo kidogo kwa valvu ndogo iliyo kwenye tangi la tatu.