Kumsahihisha fundi aliyekuzidi umri bila kumpoteza

Juzi usiku mdogo wangu, mwenye tanuri la mikate kule Dodoma, alinipigia simu akilia. Mwokaji wake, mtu wa rika la baba yetu, kavua aproni na kuondoka baada ya kuambiwa mbele ya wateja kwamba mikate imeungua. Tuliongea mpaka kifurushi kikaisha. Nilichomweleza ndicho hiki, ila hapa nimekipanga kidogo.

Mimi nina karakana ya kushona Morogoro, nyuma kidogo ya Soko Kuu la Chifu Kingalu: cherehani nne, overloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa), meza ya kukatia, na watu sita pamoja nami. Nina miaka 35. Mkataji wangu alishika mkasi kabla sijazaliwa. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, halafu dakika tano baadaye mimi ndiye namgawia kazi. Nani wa kuwa juu hapo inategemea umesimama upande gani wa meza, na ugumu wote unaanzia hapo.

Hatua ya 1: Kagua karatasi kabla ya kumkagua mtu

Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, tulipata oda ya sketi 60 za sare, bluu bahari. Kwenye karatasi ya oda niliandika "urefu 28". Nilimaanisha inchi 28 sketi ikiwa imekamilika. Mzee, huyo mkataji wangu, akaelewa urefu wa kukata. Toa pindo la inchi 2, toa nusu inchi inayomezwa na mkanda, sketi inatoka inchi 25 na nusu. Dada wa overloki alipozishtukia, 24 zilikuwa zimeshakatwa.

Mimi nilifoka kwanza, karatasi nikaja kuitazama siku ya tatu. Wewe anza na karatasi. Mpe mtu mwingine asiyehusika aisome, umuulize: "Hapa ungekata ngapi?" Akisita tu, kosa lina sehemu yako. Siku hizi karatasi zangu zina mistari miwili, UREFU KAMILI na UREFU WA KUKATA, na neno inchi limeandikwa kabisa, kwa sababu futikamba ina sentimita upande wa pili na kuna vijana wanaoishika wanavyojua wao.

Hatua ya 2: Subiri, lakini jua lisizame

Hasira ipoe, kosa lisilale. Ukilala nalo, kesho utakuwa umeshaliongezea mengine matatu ya mwaka jana.

Hatua ya 3: Mahali

Usimtume kijana wa mapokezi akamwambie "unaitwa na bosi." Mtu mzima akiitwa hivyo anatembea hatua kumi huku kila cherehani imenyamaza, na akifika kwako ameshahukumiwa. Nenda wewe. Mimi humfuata kwenye meza ya kukatia wakati wa chai, wenzake wakiwa nje kwa mama wa chapati, na nakaa kwenye stuli ya chini. Si mchezo wa kuigiza unyenyekevu. Ukisimama huku yeye ameinamia kitambaa, unamsemea kisogoni.

Na tafadhali, usitumie kundi la WhatsApp. Sijali kundi lenu lina amani kiasi gani. Kundi ni la kutangaza umeme umekatika na vifungo vimefika. Kumsahihisha mtu pale ni kumvua nguo mbele ya wanawe, kwa kuwa nusu ya vijana wa karakana wanamwita baba. Ujumbe wa sauti nao siupendi: unarekodi ukiwa na hasira, anausikiliza mara nne, na kila mara sauti yako inazidi kuwa mbaya.

Hatua ya 4: Maneno yenyewe

Beba kitu chenyewe. Sketi iwe mkononi, siyo habari ya sketi. Mazungumzo yakiwa juu ya kitambaa, macho ya wote wawili yanaangalia kitambaa. Yakiwa hewani, yanaishia usoni mwa mtu.

Salimia upya hata kama mmeonana asubuhi. Uliza ya nyumbani, usikilize jibu. Kisha niseme ninavyosema: "Mzee, hii imetoka fupi. Hebu nionyeshe ulivyoipima." Nionyeshe, siyo nieleze. Akionyesha, mikono yake inaniambia alichoelewa, na mara nyingi anaona mwenyewe kabla sijafungua mdomo. "Kwa nini umekata fupi?" ni swali la polisi. Mtu mzima hajibu polisi, anajitetea au ananyamaza.

Akinyamaza, nyamaza nawe. Hapa ndipo vijana wengi tunapoharibu, tunaujaza ule ukimya kwa maneno, na maneno ya kujaza huwa ndiyo yanayouma.

Halafu kuna "sawa". Ningeweza kuiandikia waraka peke yake. Kwa miaka miwili ya mwanzo niliamini "sawa" ni makubaliano. Kuna sawa ya kukubali, huja na swali nyuma yake: "Sawa, na zile za mikunjo je?" Kuna sawa ya kukufukuza, huja haraka na mgongo umeshageuka. Na kuna "sawa bosi, hamna shida", hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Mkataji wangu akiwa na raha ananiita mwanangu. Akiwa na shughuli ananiita mama. Siku aliponiita meneja, nilipaswa kuweka chini kila kitu nikakae naye; badala yake nilifurahi kidogo.

Kwa hiyo usimuulize "umeelewa?" Hakuna atakayejibu hapana, hasa kwa mtu wa umri wa binti yake. Uliza la kazi: "Basi hizi zilizobaki tunaanzia inchi ngapi?" Akisema 30 na nusu, mmeelewana. Akisema "kama ulivyosema", hamjaelewana, rudini kwenye kitambaa.

Utani nao una mipaka yake. Mimi ni Mpare, yeye Mchaga, ni watani wa tangu enzi na enzi, na makosa madogo tunayamaliza humo humo: mkono wa shati ukikosewa nitamuuliza kama alikuwa anahesabu pesa. Lakini hasara ikiwa kubwa usiutumie. Nilijaribu mara moja, nikaona anacheka huku anakunja futikamba polepole sana kidoleni, nikajua nimemkata.

Hatua ya 5: Kama umeshafoka

Hii ndiyo iliyonigharimu siku nne, nitakaa nayo.

Siku ile ya sketi kulikuwa na wazazi wawili wanasubiri na mwalimu aliyeleta oda. Nilisema kwa sauti: "Miaka yote hiyo ya ukataji hujui 28 ni 28?" Mzee hakujibu. Aliweka mkasi mezani, akaufunika kwa kipande cha bitana kama anavyofanya kila jioni, akavaa koti. Saa tano asubuhi.

Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikaandika ujumbe mrefu wenye "samahani" mbili na "lakini" tatu. Tiki za bluu zilionekana, jibu halikuja. Siku ya pili nikamtumia mshahara wa nusu mwezi kwa simu, nikidhani naonyesha nia njema. Baadaye niliambiwa nyumbani kwake walielewa kwamba nimemlipa aondoke. Usitume pesa kabla ya mdomo.

Siku ya tatu nilifunga safari mwenyewe hadi Kihonda, nikabisha hodi, mkewe akanikaribisha vizuri sana, akanipa chai, na Mzee "ametoka kidogo". Nilikaa saa mbili na nusu. Hakurudi, na nina hakika alikuwa kwa jirani ananiangalia nikinywa chai.

Kilichofungua njia ni fundi viatu anayekaa nje ya karakana yetu. Ni rika lake, hula pamoja mchana. Nilimwomba anisindikize. Aliniuliza swali moja: "Unakwenda kumrudisha kazini au unakwenda kumwomba radhi?" Nikasema yote mawili. Akasema basi leo tunakwenda na moja, la kazi litakuja lenyewe. Njiani kwenye daladala akanipa masharti: nisitaje sketi, nisitaje oda, nisiseme "ila".

Tukaenda jioni. Fundi viatu aliongea kwanza, karibu nusu saa, mambo ya mvua na bei ya ngozi. Mimi nilisubiri nipewe nafasi. Nilipopewa nilisema: "Mzee, nilikupandishia sauti mbele ya watu. Nilikosa adabu. Naomba unisamehe." Nikanyamaza. Akaniuliza hali ya mama yangu. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Mambo matatu niliyojifunza kwa gharama, na ambayo mdogo wangu aliyaandika kabisa. La kwanza, msindikizaji awe wa rika lake na awe upande wake. Ukimbeba ndugu yako inakuwa ujumbe wa kesi. La pili, radhi ya nyumbani haitoshi ikiwa kosa lilikuwa hadharani. Kesho yake, wote wakiwa wamekaa kwenye mashine, nilisema tena, kwa sentensi mbili tu, kwamba nilimkosea Mzee na karatasi ilikuwa yangu. Wazazi wale hawakuwepo, lakini vijana walikuwepo, na wao ndio aliokuwa akiwaonea aibu. La tatu, usirefushe. Radhi ya dakika kumi inamlazimisha mkubwa akufariji.

Tahadhari: yote haya ni kwa mtu aliyekosewa heshima. Kama mtu ameiba, au amekuja kazini amelewa na mashine inazunguka, huo ni utaratibu mwingine wa maandishi, onyo na kusikilizwa, wala usiuchanganye na chai ya Kihonda.

Hatua ya 6: Nani analipa kitambaa

Sketi 24 zilikula kama mita 30, na mita ilikuwa shilingi 6,000. Hesabu yake 180,000. Kijana wa mapokezi alishauri tukate kwenye mshahara, "ndivyo wanavyofanya wote."

Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, basi nilisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri akate tu kwa sababu amepata hasara. Lazima mfanyakazi akubali makato kwa maandishi; hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake; umpe maandishi yenye sababu, kiasi na jinsi ulivyokipata; umpe nafasi ya kutosha ya kupinga; usikate kuzidi hasara halisi; na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kwa mtu wa 400,000 robo ni 100,000. Na hapo bado hujathibitisha kosa lilikuwa lake, wakati karatasi ina mwandiko wako.

Sikukata. Tulikaa wote tukazipanga: 15 ziliwaenea wasichana wadogo wa kidato cha kwanza, 9 tulikata upya. Mzee ndiye aliyetoa wazo la wasichana wadogo.

Hatua ya 7: Ubao

Tangu hapo kazi za siku zinaandikwa ubaoni kwa chaki, ukutani juu ya meza ya kukatia. Watu wananiambia kuna programu za simu za kupangia kazi. Najua, nimejaribu mbili. Programu inaonwa na mwenye bando, tena mmoja mmoja. Ubao tunausoma pamoja tukiwa tumesimama, dakika kumi, kabla pasi hazijapata moto. Mimi nasoma oda, na kila mtu anataja kwa mdomo wake kipimo atakachoanza nacho. Mzee anataja wa kwanza kwa sababu ya umri, na akiona tarakimu haikai sawa anaifuta kwa kiganja na kuandika yake, bila kuniomba ruhusa.

Ukitengeneza wako, chukua plaiwudi, piga msasa, paka rangi nyeusi ya ubao makoti mawili na uache ikauke usiku kucha kati ya koti na koti. Mdogo wangu kapaka moja, chaki haishiki. Mwokaji anarudi Jumatatu, nimemwambia apake la pili kabla hajafika.