Kabla Hujainua Nyuma ya Kobe

Nyumbani kwetu Volkswagen Beetle ni Kobe, na hapa nitamwita hivyohivyo. Kama unaye, na umeshanunua pleti mpya za springi, shokapu za gesi au tosheni baa (fito za chuma zinazojisokota kufanya kazi ya springi) nene kuliko zile alizozaliwa nazo, tulia kwanza. Usifungue nati hata moja leo. Mimi nilifungua siku ileile mzigo ulipofika, nikiwa na spana, mdogo wangu wa kushika tochi, na Jumamosi moja tu ya kumaliza kazi.

Anza kwa kujua una Kobe gani. Ingia chini, tazama kutoka giaboksi kwenda gurudumu la nyuma. Ukiona bomba nene la chuma lenye buti moja tu ya mpira upande wa giaboksi, ekseli zako ni zile za kubembea: kiungo kiko kimoja, na gurudumu linapanda na kushuka kwa kuzunguka pale kwenye giaboksi kama bawa la ndege. Ukiona shafti nyembamba yenye buti mbili kila upande, una mfumo wa viungo viwili, ule uliokwenda Marekani kwenye modeli za 1969 na baadaye ukaja na Kobe wa aina ya 1302 na 1303. Pleti za mfumo mmoja hazikai kwenye mwingine. Muuzaji akikwambia "inaingia zote," mwache na pleti zake. Yote ninayosema hapa ni ya ekseli za kubembea, kwa sababu hizo ndizo zilizoniumiza.

Kutu. Chukua bisibisi ugonge bomba linalopita kwa upana mbele ya giaboksi, lile lililozibeba tosheni baa, na chuma chote kinacholishikilia. Bisibisi ikizama, pesa ya sasipensheni ipeleke kwa mchomeleaji.

Betri iko chini ya siti ya nyuma, kulia. Itoe.

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Weka stendi mbili zilizo imara, na magurudumu ya mbele uyawekee kabari. Ukiwa na matofali ya saruji badala ya stendi, ahirisha kazi. Nimeona tofali likipasuka katikati bila hata kugongwa.

Siku mbili kabla, nyunyizia nati zote mafuta ya kulainisha kutu, pamoja na bolti za madigadi. Ndiyo, za madigadi. Tosheni baa inatoka kwa kuvutwa ubavuni, na madigadi imekaa palepale kwenye njia yake. Ukiligundua hilo wakati gari liko juu na jua linazama, utaanza kukunja bati kwa mikono, na bati la zamani halisamehe.

Sasa pleti ya springi. Ile bapa ya chuma inayotoka kwenye tosheni baa kwenda kwenye ekseli haijalegea hata gurudumu likining'inia hewani. Imekalia kijukwaa kidogo cha chuma, na tosheni baa bado imejisokota ndani ikisubiri nafasi. Ukiibandua kwa mtalimbo bila kuishikilia, inashuka kwa kishindo, na chochote kilichoko chini yake, kiwe kidole, kiwe goti, kinapokea. Ifunge kwa mnyororo, ipandishe kwa jeki hadi iache kijukwaa, kisha uishushe taratibu. Usikae mbele yake, wala usimruhusu mtu akae huko kukushikia taa.

Kabla ya kufungua zile bolti tatu zinazounga pleti na ekseli, chukua tindo na nyundo ukate alama moja inayovuka pleti na kile chuma kilichoshikana nayo. Alama ya chaki hapana, itafutika kwa grisi. Matundu ya bolti hizo ni marefu ili ekseli iweze kusogezwa mbele na nyuma, na humo ndimo ulimo ulinganifu wa magurudumu. Ukirudisha kwa kukisia, gari litakwenda tu, ila tairi zitajisugua kimyakimya, na utakuja kumlaumu aliyekuuzia tairi. Pleti mpya haina alama, kwa hiyo ilaze juu ya ile ya zamani uihamishie. Hata hivyo baada ya kazi nenda kwenye alaimenti. Alama inakufikisha huko tu.

Tosheni baa zenyewe zina kulia na kushoto. Zilisokotwa kiwandani kila moja kwa upande wake, na herufi imegongwa kwenye kichwa chake. Usizibadilishane, hata kama zinafanana kama mapacha. Na usizikwaruze. Rangi iliyozifunika ndiyo ngozi yake. Ikichubuka kutu inaingia, na ufa unaanzia hapo. Zishike kama unavyoshika chupa ya thamosi.

Tufike kwenye meno.

Kila tosheni baa ina meno pande mbili. Upande wa ndani, unaozama katikati ya bomba, una meno 40. Upande wa nje, unaoshika pleti, una meno 44. Sikulijua hilo. Nilijua kwamba gari linainuliwa kwa kuchomoa, kuzungusha jino moja na kurudisha. Njia ya kwetu ina mawe, chini ya Kobe palikuwa panalia kila siku, nikasema jino moja si neno. Moja tu. Nilizungusha la ndani, kushoto na kulia, nikafunga kila kitu, nikashusha gari. Nyuma ilikaa juu kama jogoo. Mdogo wangu akapiga picha.

Wiki iliyofuata tukaenda Lushoto msibani. Mimi, mama na mama wadogo wawili, magunia mawili ya mchele na sufuria za kupikia. Barabara ya Mombo inapanda mlima kwa kona juu ya kona, na Kobe alipanda vizuri ajabu. Haegemei, hagongi chini. Mama akasema, "Mwanangu, gari limekuwa gari." Nikavimba kichwa.

Nilirudi peke yangu siku ya tatu. Mama alibaki, magunia yalibaki, sufuria zilibaki. Ilikuwa masika, ukungu umelala barabarani, lami imelowa. Chini kidogo ya Soni nikaingia kona ya kulia, si kwa kasi ya kujionyesha, nikakuta lori linapanda limemega upande wangu. Nikafanya ambacho mguu wowote ungefanya: nikaachia mafuta na kugusa breki.

Nyuma ikanyanyuka. Haikuteleza kwanza. Ilinyanyuka, kama mtu ameliinua gari kwa bega, na nikasikia gurudumu la nje likijikunja kuingia chini yetu. Ndipo likaserereka. Kobe akageuka akatazama alikotoka, akabamiza nyuma kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Upande wa pili wa barabara ile ni bonde. Lori lilipita bila kusimama. Vijana watatu walitokea kwenye ukungu na majembe, wakanisukuma kutoka mtaroni, na mmoja akaokota taa ya nyuma akanikabidhi mkononi kama chenji.

Fundi aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyeanza kufunga Volkswagen kabla sijazaliwa. Nilimpelekea gari limekunjika madigadi. Hakutazama madigadi. Alikwenda nyuma, akachuchumaa, akakaa kimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Meno mangapi?"

"Moja tu."

"La ndani au la nje?"

Sikuwa na jibu. Akachukua kipande cha ubao akanichorea kwa msumari. Jino moja la ndani ni digrii 9, maana 360 ukigawa kwa 40 ni 9. La nje ni digrii 8 na kidogo. Kwa urefu wa pleti ile, digrii 9 ni kama sentimita 6 kwenye gurudumu. Ukitaka kidogo, unazungusha la ndani kwenda juu na la nje kurudi chini, na tofauti yake haifiki hata digrii moja: milimita sita hivi za urefu. Hicho ndicho kipimo cha mtu mwenye akili. Mimi nilichukua ngazi kumi na moja kwa mruko mmoja.

Halafu akanionyesha magurudumu. Kwa kuwa kila gurudumu linabembea kutoka giaboksi, ukiinua gari huliinui tu, unayafungua magurudumu: juu yanatanuka, chini yanakaribiana, ukiyatazama kwa nyuma unaona herufi V. Sentimita 6 kwenye ekseli fupi namna ile ni kama digrii tano za kulala. Tairi inasimama kwa ukingo. Kwenye kona, nguvu ya pembeni inasukuma gurudumu la nje lijikunje ndani, gari linapanda juu yake, na kadiri linavyopanda ndivyo V inavyozidi kufunguka. Kuachia mafuta na kushika breki kunahamishia uzito mbele, nyuma inakuwa nyepesi zaidi. Chevrolet Corvair za mwanzo huko Marekani, nazo za ekseli za kubembea na injini nyuma, zilipata jina baya kwa tabia hiyohiyo.

Na kwa nini nilipanda salama? Mama, mama wadogo na mchele. Uzito wao ulikuwa umeishusha nyuma ikarudi karibu na pale ilipotakiwa kuwa. Nililijaribu gari likiwa limejaa, nikaliendesha likiwa tupu.

Kwa hiyo: kabla ya kufungua chochote, liweke gari mahali tambarare, tupu, wewe tu kwenye usukani, na mtu apime kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Andika. Ukishalipandisha kwenye stendi na pleti imelegea kabisa, pima pembe yake dhidi ya mstari wa chini ya mlango, kwa kipimapembe au hata kwa simu, kwa sababu stendi zako huenda hazilingani na usipopima mlango nambari ya pleti haina maana. Andika na hiyo. Kitabu cha mwaka wa gari lako kina pembe inayotakiwa, nayo hubadilika toleo kwa toleo, kwa hiyo usiazime ya jirani. Ukimaliza, zungusha kilomita chache springi zikae, rudi palepale, pima tena ukiwa peke yako. Magurudumu ya nyuma yakionyesha V inayoonekana kwa macho likiwa tupu, umepita kiasi. Fungua urudie.

Kuna watakaokwambia Volkswagen ilishinda Safari Rally. Kweli, Vic Preston 1954, Gus Hofmann 1957, Tommy Fjastad 1962, kwenye matope ya kweli. Wewe si Fjastad, na Soni si mashindano.

Kama lazima uinue kwa ajili ya mawe, fikiria kile kipande cha springi bapa kinachopita chini ya giaboksi kutoka ekseli hadi ekseli, wenyewe wanakiita kompenseta. Kampuni ya EMPI ya California ilikipa umaarufu miaka ya 1960. Kazi yake ni kuyazuia magurudumu yasijikunje chini. Kinafanya kazi, nimekifunga, lakini kinaning'inia chini kabisa ya gari, yaani unainua ukwepe mawe kisha unaweka chuma cha kugongwa na mawe. Amua mwenyewe. Modeli za 1967 na kuendelea zilikuja na fito ya kusawazisha kutoka kiwandani. Angalia kama yako bado ipo au kuna aliyeitoa akaiuza skrepa.

Shokapu: ndefu kwa gari lililoinuliwa, fupi kwa lililoshushwa. Shokapu fupi kwenye gari refu ndiyo inayogeuka kizuizi cha mwisho, na siku moja itang'oa kishikio chake.

Hozi za breki: ning'iniza gurudumu hadi mwisho utazame hozi imelegea au imekazwa kama kamba ya kuanikia. Ikiwa imekazwa, simama hapo. Ukishakuwa hapo chini tazama buti za ekseli, kama zimepasuka badilisha sasa, na jaza oili ya giaboksi, lita mbili na nusu, isiyozidi. Bushi za mpira mpya zipake ungaunga wa talki, si grisi ya kawaida. Grisi inaula mpira.

Nati ya gurudumu la nyuma, ile ya spana ya 36, ukiwa umeigusa inataka nguvu ya takriban Nm 300, na tundu la kotapini, ile pini inayoizuia nati isifunguke, lisipolingana unakaza zaidi, hulegezi. Bolti zote zirudie baada ya kilomita mia tano. Vifaa vya zamani usitupe wala usimpe fundi. Safari ya kwanza iwe ya mchana, barabara kavu unayoijua, bila mama. Na siku ukiwa peke yako mvuani na nyuma ni tupu, punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, mguu utulie kwenye mafuta hadi utoke. Mimi hadi leo nikishuka Mombo peke yangu naweka gunia la mchanga siti ya nyuma.