Ukipata meseji ya "hongera umeshinda", soma hii kwanza

Ikiingia meseji kwamba namba yako imeshinda mamilioni kwenye bahati nasibu, kabla hujafanya chochote jiulize, tiketi nilikata lini? Kama hukucheza hujashinda, basi, hakuna droo ya ukweli inayookota namba za watu hovyo na kuwagawia hela.

Jina linalotokea juu ya meseji lisikudanganye. Hapa ndo wengi wanaingia mkenge, kwa sababu matapeli wanaweza kuweka jina lolote, la benki au la kampuni ya simu, na meseji yao ikaja kukaa palepale pamoja na zile za kweli ulizowahi kutumiwa.

We angalia wanataka nini kwako. Mara nyingi ni hela kidogo kwanza, wataiita ada ya usajili au kodi au gharama za kukutumia zawadi, ukilipa inazuka nyingine, halafu nyingine tena, na kwa vile ushatoa nyingi unaona uchungu kuacha, hapo ndo wanapokukamatia. Jiulize, kama zawadi ipo kweli, kwa nini wasikate hiyo ada kwenye zawadi yenyewe? Wengine hawaombi hela kabisa, wanataka namba yako ya siri au zile tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu, ukiwasomea tu wameshaingia kwenye akaunti. Na ukiambiwa "usimwambie mtu" au "una saa moja tu" jua wanaogopa usije ukamuuliza mwenzio akakushtua.

Kwahiyo usibonyeze linki, usipige namba waliyoweka, usijibu hata kwa matusi maana ukijibu wanajua laini iko hewani. Ukitaka uhakika tafuta mwenyewe namba rasmi ya hiyo kampuni uulize. Piga skrinishoti, ripoti kwa mtandao wako, halafu wafungie.

Kama ushatuma hela tafadhali usikae kimya kwa aibu, hawa watu hii ndo kazi yao na wanawapata hata wasomi. Piga benki au huduma yako ya pesa ya simu sasa hivi uombe muamala uzuiwe, ukichelewa wanakuwa wameshatoa, na kama ulitaja namba ya siri ibadilishe hapohapo. Halafu nenda polisi na zile skrinishoti. Baadaye anaweza kukutafuta mtu anadai atakurudishia hela zako zote ukimlipa kidogo, huyo naye usimpe kitu, mara nyingi ni walewale.